Mradi wa mizani umeisha, ripoti inasema asilimia 100, bodi inauliza chama kimepata nini. Naanzia wapi?

Kijana_wa_Kitangari

Habari za saa hizi wadau, wakubwa shikamooni. Niko huku Newala kwenye ofisi moja ya ushirika, naombeni mawazo maana kikao cha bodi kinakaribia na karatasi nimepewa mimi niandike.

Iko hivi. Kabla sijahamia hii ofisi kulikuwa na mradi wa mfadhili, wakaleta mizani ya kidijitali na tableti kwenye baadhi ya vyama vya msingi vya ushirika, vile wakulima wanakopeleka mzigo, sio vyote. Mkulima akileta korosho zake zinapimwa, uzito unaingia wenyewe kwenye tableti, anapewa risiti na meseji inamfikia kwenye simu. Zamani karani alikuwa anasoma mshale, anaandika kwenye daftari, jioni wanakaa kujumlisha, afu karatasi inapandishwa bodaboda mpaka ofisini, huku nako kuna mtu anaanza kuziingiza kwenye eksel moja moja. Sasa mradi umefungwa na ripoti ya mwisho ni nzuri kweli, ina picha za rangi, mizani yote imefungwa, makarani wote wamefundishwa, hela haikuzidi bajeti. Utekelezaji asilimia 100.

Kikao kilichopita mzee mmoja mjumbe wa bodi, mkulima wa mikorosho haswa, kaifunua ile ripoti mpaka ukurasa wa mwisho akairudisha mezani, akasema mizani nimeiona, mimi nauliza chama kimepata nini. Meneja akajibu wakulima wamefurahi. Mzee akamwambia wakulima walifurahi kwa sababu mnada ulikuwa na bei, hata ungewapimia kwa mawe wangefurahi. Watu wakacheka, ajenda ikaahirishwa, nikatupiwa mimi.

Kwenye andiko la mradi waliahidi malalamiko ya uzito yatapungua, malipo yatakuwa ya haraka, na gharama za uendeshaji zitashuka. Hakuna mahali walipopima hali ilivyokuwa kabla ya mizani kuja. Na vyama ambavyo havikupata navyo vinadai vipewe, mfadhili kashaondoka, kwa hiyo hela itabidi itoke kwetu. Nigawe dodoso kwa wakulima au kuna njia nyingine?

Mwera_wa_Mtama

Dodoso liweke pembeni kwanza mkuu. Ukimuuliza mkulima "je mizani imekusaidia" wakati karani kasimama hapo nyuma yako utajibiwa ndiyo mpaka uchoke, na utapeleka asilimia nzuri kwenye bodi na yule mzee atazirudisha mezani vilevile.

Mimi niko mipango huku upande wa Lindi, ripoti za hivi nazisoma kila robo. Hiyo yenu imepima vitu vilivyonunuliwa na watu waliofundishwa, basi. Kati ya mzani na faida kuna kitu cha katikati ambacho watu wanakiruka, nacho ni kazi kufanyika tofauti na zamani. Mzani ukifika na kazi ikaendelea kwenda vilevile hakuna faida itakayotoka, hata mzani uwe wa dhahabu.

Chukua hiyo ahadi ya malipo ya haraka. Ichore kwenye karatasi, korosho inapimwa chamani, inakwenda ghala kuu, inasubiri mnada, mnunuzi anashinda, mnunuzi analipa, hela inaingia akaunti ya ushirika, orodha ya wakulima inaandaliwa, inapelekwa benki, mkulima anapata. Sasa niambie mzani unagusa wapi hapo? Haugusi mnada. Haumharakishi mnunuzi. Unagusa kuandaa orodha tu, kwa sababu majina na kilo vipo tayari kwenye mfumo. Kwa hiyo usipime kuanzia siku mkulima alipoleta mzigo, maana hapo katikati kuna mambo ambayo mzani hauyawezi na utaulaumu au kuusifia bure. Pima kuanzia siku hela ya mnunuzi ilipoingia kwenye akaunti yenu mpaka siku ilipotoka kwenda kwa mkulima. Tarehe zote mbili ziko kwenye taarifa ya benki, na benki haitunzi ya mwaka huu peke yake, hata za misimu ya nyuma ukiomba wanakupa. Hapo umeshapata hali ya kabla bila kumuuliza mtu yeyote.

Wengi wakikosa takwimu za kabla wanakata tamaa wakati ofisi yenyewe imejaa makaratasi. Madaftari ya mapokezi yapo, hati za kupeleka mzigo ghala zipo, faili la malalamiko lipo, taarifa za COASCO, lile shirika linalokagua vyama vya ushirika, zipo. Ingia stoo kaka.

MamaRisiti

Naongezea kwenye hela maana mimi ni mhasibu, niko Mtwara mjini na korosho nimezihesabu miaka mingi.

Wanangu mkiandika hizi karatasi mna tabia moja inaniudhi, mnasema tumeokoa saa kadhaa za karani kwa siku, mnazidisha na mshahara, mnatoa mamilioni. Hayo mamilioni yako akaunti gani? Karani anayelipwa kwa msimu utamlipa vilevile awe anajumlisha au amekaa chini ya mwembe. Muda uliookolewa unageuka hela pale tu unapofanya kitu, umepunguza vibarua wa kujumlisha usiku, au karani mmoja anahudumia vituo viwili, au posho ya muda wa ziada haikulipwa. Kama hakuna kati ya hivyo, andika kwamba kazi imekuwa nyepesi, nayo ni faida, lakini usiiwekee shilingi.

Halafu upande wa pili wa daftari. Zamani mlinunua kalamu na daftari. Sasa kuna bando, kuna karatasi za printa, kuna betri, kuna tableti ikianguka kioo kinapasuka, kuna Wakala wa Vipimo kila mwaka lazima wakague mizani na kubandika stika, na kuna fundi wa mfumo ambaye wakati wa mradi alilipwa na mfadhili na sasa atawaletea ankara nyie. Hizo gharama hazikuwepo kwenye ripoti kwa sababu mradi ulipokuwa hai hazikuwauma. Ziweke zote. Bodi ikiamua kununua kwa vyama vingine inanunua na hizo.

Sehemu ambayo mimi ningechimba sana ni unyaufu. Kilo zilizoandikwa chamani na kilo zilizopokelewa ghala kuu, tofauti yake inamla nani? Korosho ikikaa inakauka, uzito unapungua, hilo halina ubishi. Ila sehemu ya upungufu sio kukauka, ni mshale uliosomwa vibaya, gunia lililohesabiwa mara mbili, na mengine tunayajua tusiyataje. Chukua hati za kupelekea mzigo, ziweke ubavuni mwa hati za mapokezi ya ghala, shehena kwa shehena. Kukauka kutabaki palepale, mzani hauzuii jua. Lakini kama vyama vyenye mizani mipya upungufu umeshuka na vingine uko vilevile, hiyo ni hela kabisa, yenye karatasi, na yule mzee wako ataielewa kabla hujamaliza sentensi.

KangombaHapana

Mama umesema "mengine tunayajua tusiyataje" nimecheka peke yangu ndani ya daladala 😂

Mimi mkulima wa Tandahimba, si mtaalamu, ila kwenye malalamiko nataka kuwaonya. Msiseme malalamiko yakipungua ndo mradi umefanikiwa. Zamani ulikuwa unapeleka mzigo unaambiwa kilo zako hizi hapa, utalalamikia nini na ushahidi huna? Unanyamaza unarudi nyumbani unanung'unikia mezani. Sasa nina meseji kwenye simu. Juzi malipo yalivyokuja pungufu nilienda nayo mpaka kwa katibu nikamuonyesha, afu nikafuatwa na majirani nao wana meseji zao. Kwenye faili lenu hapo malalamiko yatasomeka yameongezeka, wakati sisi wakulima tunaona ndo kwanza mambo yamekaa sawa.

Ila pia si kila mtu anafaidi sawa. Mama yangu mdogo ana mikorosho yake, hana simu, kwenye usajili waliandika namba ya mwanae ambaye yuko Dar anauza viatu Kariakoo. Kila akipeleka mzigo meseji inalia Kariakoo! Kijana anajua mama kauza kilo ngapi kabla mama hajafika nyumbani, na hela ya kuomba anaanza kuomba siku hiyohiyo. Bibi wa watu analalamika kuliko enzi za daftari. Hilo nalo mtaliandika wapi?

Mwera_wa_Mtama

Hilo linaandikwa hasara, na liandikwe wazi. Mradi wowote una wanaopata na wanaopoteza, hata karani aliyekuwa anaishi kwa "marekebisho" ya mshale naye kapoteza, ila yeye hatumlilii.

Kuhusu malalamiko uko sahihi kabisa, Kijana yagawe kwa aina. Ya uzito peke yake, ya malipo kuchelewa peke yake, ya makato peke yake. Afu angalia kitu kimoja zaidi, yaliyofungwa. Lalamiko la zamani lilikuwa linaisha kwa "tutafuatilia". Kama sasa linaisha ndani ya siku chache kwa sababu kuna rekodi, hiyo ndo faida, idadi yake iache ipande.

Mzee_wa_Nachi

Nimewasoma wanangu. Mnasema vizuri ila mnanikumbusha sisi huku Nachingwea tumekalia mfano mkubwa kuliko yote na hamuutaji.

Mwaka 1947 Mwingereza alileta mpango wa karanga. Vita imeisha, kwao mafuta ya kula hakuna, wakapiga hesabu watalima zaidi ya ekari milioni 3 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), sehemu kubwa ikiwa hapa kwetu Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani, ikajengwa na bandari ya kina kirefu Mtwara. Sasa chukueni ripoti yenu ya asilimia 100. Reli ilijengwa? Ndiyo. Bandari? Ndiyo, meli kubwa zinaingia. Karanga? Mwaka 1951 mpango ulifutwa, pauni milioni 36 hivi zimeteketea, na Mwingereza hakuona mafuta. Reli ikaendelea kidogo haina cha kubeba, miaka ya mwanzo ya 60 ikang'olewa. Leo ukitaka kwenda Nachingwea unapanda basi.

Lakini bandari ipo! Juzi juzi imeongezewa gati la mita 300, korosho zinapitia pale. Mkisema mradi ulikuwa hasara tupu, na Mtwara ingekuwaje bila ile bandari? Kwa hiyo swali langu ni hili, mnapima lini? Ukipima 1951 ni sifuri. Ukipima leo ni kitu kingine. Nyie mnataka kupima mzani baada ya msimu mmoja.

Mwera_wa_Mtama

Shikamoo mzee. Mfano wako ni mtamu ila hapo mwisho nakataa kwa heshima zote.

Bandari kutusaidia leo ni bahati yetu, haikuwa shabaha ya aliyetoa hela. Yeye alitaka mafuta kwenye maduka ya Uingereza akakosa. Tukianza kuruhusu kila mradi ulioshindwa useme "subirini miaka 70 mtaona kitu" hakuna mradi utakaoshindwa tena duniani. Faida ambayo haikukusudiwa iandikwe, ila kwenye mstari wake, isije kujazia pengo la ile iliyoahidiwa.

Na sio wakoloni peke yao. Kuna profesa mmoja wa Denmark, Bent Flyvbjerg, alikusanya takwimu za miradi mikubwa zaidi ya elfu 16 duniani. Iliyomaliza ndani ya bajeti na ndani ya muda ilikuwa asilimia 8.5. Ukiongeza sharti la tatu kwamba ilete na faida iliyoahidiwa, inabaki asilimia 0.5. Yaani katika miradi 200 ni mmoja. Kwa hiyo Kijana usione aibu kupeleka karatasi yenye majibu nusu nusu, ya asilimia 100 ndo ingenitia wasiwasi.

Kuhusu lini upime, mzee una hoja. Msimu mmoja ni mdogo, bei inayumba, mvua inayumba, dawa ya salfa ikichelewa ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua ya mikorosho na mavuno yanashuka, na chama kikipokea mzigo mdogo hata kwa daftari kitalipa haraka. Ndo maana lazima alinganishe na vyama ambavyo havikupata mizani, kwa sababu bei na mvua ni ileile kwa wote. Wale ambao hawakupata ndo watakaokuonyesha ingekuwaje bila mradi.

MamaRisiti

Kulinganisha sawa ila muulize kwanza mfadhili alichaguaje vyama. Nijuavyo mimi watachukua vilivyo jirani na lami, mtandao unashika, katibu anajua kompyuta, gari la wageni linafika. Hivyo vyama vilikuwa vinalipa haraka tangu zamani. Ukivilinganisha na kile cha kule bondeni ambacho mvua ikinyesha hakifikiki, utasema mzani umefanya miujiza kumbe ni barabara.

Mwera_wa_Mtama

Ndio maana usilinganishe nani yuko mbele, linganisha nani kasogea. Tuseme chama chenye mzani kilikuwa kinalipa ndani ya siku 6 sasa 4, na kisicho na mzani kilikuwa siku 10 sasa 9. Ukiangalia haraka haraka utasema tofauti ni siku 5. Hapana. Wa kwanza kasogea siku 2, wa pili kasogea siku 1 bila mzani wowote, pengine benki imeboresha mambo yake. Mzani unaweza kujidai siku 1 tu. Namba ni za mfano hizo, usizipeleke kwenye bodi 😂

Kijana_wa_Kitangari

Jamani asanteni sana, nilipotea kidogo nilikuwa stoo kweli kama nilivyoambiwa, vumbi nimelila. Nawapa mrejesho.

Taarifa za benki nimepata, madaftari ya zamani nusu yameliwa na mchwa ila yaliyobaki yanatosha kwa vyama kadhaa. Kwenye muda wa malipo, vyama vyenye mizani vimesogea, ni kidogo ila vimesogea kuliko wenzao, isipokuwa kimoja kiko palepale kabisa. Nikakifuata. Nimefika nakuta karani anapima, tableti inaandika, risiti inatoka, afu anachukua kalamu anahamisha kila kitu kwenye daftari kubwa, mistari ileile, safu zilezile. Jioni wanajumlisha daftari. Orodha ya malipo inatoka kwenye daftari, tableti wanaitumia kutoa risiti tu. Namuuliza mwenyekiti kwa nini, ananiambia mwanangu hiki kidude kikizima tutawaambia nini watu? Na nikiangalia tableti yenyewe inachajiwa kwenye duka la jirani kwa sababu ofisi haina umeme, kwa hiyo hana makosa kabisa. Kumbe yeye mradi umemuongezea kazi badala ya kupunguza, na kwenye ripoti kahesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Unyaufu mama ndo umenipa raha. Nimepanga hati ubavuni kwa ubavu kama ulivyosema, vyama vyenye mizani upungufu umeshuka na ule unaobaki unafanana fanana shehena hadi shehena. Kwa wenzao unaruka ruka, leo mdogo kesho mkubwa, na kukauka kwa jua hakurukiruki hivyo.

Gharama za uendeshaji hazijashuka. Ukiweka bando na ukaguzi na fundi zimepanda. Nitaandika hivyohivyo.

Ninachofikiria kupendekeza ni kwamba vyama vipya wasubiri, kwanza hawa waliopata wapewe sola ndogo ya kuchajia na daftari lifungwe rasmi kwa barua, na namba za simu za wakulima zihakikiwe upya kwa ajili ya wale wenye watoto Kariakoo. Msimu ukifungwa tupime tena ndo bodi iamue kununua. Sasa swali la mwisho, nani nimuandike kuwa msimamizi wa hizi faida? Meneja anasema aandikwe kijana wa kompyuta maana mfumo ni wake.

MamaRisiti

Kijana wa kompyuta hapana. Yeye atahakikisha tableti inawaka, kwisha. Malipo ya haraka yanamhusu mhasibu wenu, unyaufu unamhusu anayesimamia maghala, malalamiko yanamhusu meneja mwenyewe hata kama hataki. Kila ahadi iwe na mtu mmoja, jina na cheo, na tarehe atakayosimama mbele ya bodi na namba zake. Ukiandika "menejimenti itafuatilia" umeandika hakuna mtu.

Mzee_wa_Nachi

Na yule mzee wa bodi mpe nakala mapema asome nyumbani. Mtu wa namna hiyo ukimshtukizia kikaoni atakupinga hata kwenye ukweli.

KangombaHapana

Na sola iwekwe juu ya paa, isiwekwe chini, huku kwetu itaota miguu usiku mmoja.

Kijana_wa_Kitangari

Nakala nampelekea kesho kwa bodaboda. Mhasibu nimeshamwambia jina lake linaingia, kaniuliza kwani mradi si umeisha? Akigoma narudi hapa.